Majibu Mawili ya Jina la Nthiga

Mwaka wa 1999, mama mmoja wa Kiritiri aliingia saiba, duka la intaneti, mjini Embu kumtafuta mwanawe, Nthiga, aliyekuwa kimya huko Amerika kwa miaka miwili.

Msichana wa saiba aliandika jina hilo kwenye mitambo miwili ya kutafutia, kwa kuwa kila mmoja huona lake. Wa kwanza ulileta orodha ya waliohitimu chuoni, naye akamsomea mama kwa Kiswahili.

"Amemaliza shule!" mama alisema, akipiga makofi. "Na huu mwingine?"

Wa pili ulileta tangazo la mazishi, lenye picha ndogo ya Nthiga chini ya msalaba. Msichana alishika kipanya ili alifunge.

Mama hakujua Kiingereza. Alifuta vumbi kwenye kioo kwa ncha ya leso, akaitazama ile picha ndogo.

"Usifunge, msichana wangu. Nisomee walimzika wapi."