Jeneza Lililopungua

Mama mkaguzi aliinua kifuniko cha jeneza la mwisho, akachungulia ndani kana kwamba huenda mwenyewe yumo, akakirudisha.

"Bado limepungua moja."

Misumari, mtunza stoo, alitazama vidole vyake vya miguu. Nyuma yake ilisimama karakana nzima: mafundi, wapaka vanishi, hata mlinzi aliyeacha geti wazi. Lililokosekana ni lile kubwa la mbao nyekundu, lenye vishikio vya shaba. Kila mteja alilipapasa, akauliza bei, akakohoa, akaondoka na la mbao laini.

Mkaguzi alikwishasema: hasaini ripoti mpaka ajue limekwenda wapi. Na benki ilikwishasema: hakuna ripoti, hakuna mkopo. Mishahara ilikuwa imekwama hapo katikati.

"Yaani watoto wetu walale njaa kwa sababu ya mkwe wa mtu," fundi mmoja alinong'ona, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Wakacheka. Nani asiyejua kuwa Misumari alimzika mama mkwe wake mwaka huu? Misumari alimtupia jicho la kuomba bosi, aliyesimama kando ya mkaguzi. Bosi akatazama paa.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia keshia, dada mkubwa wa bosi, ameziba pua kwa mtandio. Mama huyu aliogopa majeneza kiasi kwamba miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga stoo.

"Benki wamepiga tena," alisema. "Wanataka jibu leo. Jamani, Misumari, kwa nini unatuaibisha? Sema tu, baba, yaishe."

Misumari alimtazama bosi tena.

"Mnaona?" Bosi alimgeukia mkaguzi. "Mtu nimemwamini kama ndugu! Mama, mimi baba yangu alipofariki, sikugusa hata msumari wa kampuni. Tulimzika huko kijijini kwetu, mbali, kwa jeneza la ng'ambo. Lilikuja kwa ndege! Muulize dada."

"Kweli kabisa," dada mtu alisema. "Tulichanga ndugu wote. Mimi mchango wangu nilikopa, na mpaka leo nakatwa."

Mkaguzi aliinamisha kichwa kwa heshima. Mafundi nao wakainamisha. Kila jicho likarudi kwa Misumari.

"Niite polisi?" bosi alifoka. "Au utasema uliyemzika humo?"

"Bosi, tuongee ofisini. Wewe na mimi tu."

"Ofisini unitie nini mfukoni? Sema hapa!"

"Ni aibu, bosi."

"Aibu uliijua wakati unabeba?"

"Nakuomba, bosi. Mbele ya dada, hapana."

"Mbele ya huyo huyo dada! Na mama mkaguzi aandike!"

Mkaguzi alifungua kalamu. Misumari alivua kofia, akaikumbatia kifuani kama mtu aliyesimama makaburini.

"Mkwe wangu tulimzika kwa mbao za makasha ya sabuni," alisema polepole. "Lile jekundu nililifunika turubai usiku, kama ulivyoniagiza. Baba yako bado analitumia."