Wakazi wa Ubavuni

Maji yalipokupwa, boti ya faiba ililala ubavu mchangani, na Mize akaanza na madoa. Alipaka maji ya ndimu kwenye mstari wa manjano ulioachwa na maji ya bahari, akasubiri kidogo, kisha akafuta kwa kitambaa laini mpaka weupe ukarudi. Madoa hayakuwa na shida. Shida ilikuwa chaza, maana kisheria kiumbe yeyote aliyeganda kwenye boti mwaka mzima ni mkazi wake, na mkazi habanduliwi bila ruhusa.

"Lakini boti imekuwa nzito, haiendi," alimwambia karani wa bandari, sauti isiyo na mtu iliyotoka kwenye redio ya boti. "Na mimba ya kwanza mtu hujifungulia kwa mamake. Nitafikaje?"

"Hongera, Bi Mize. Chaza hao wametimiza mwaka. Wewe unaishi humo tangu lini?"

"Tangu harusi. Miezi minane."

Faki, mumewe, aliangua kicheko, ubao wa kukwangulia mkononi. "Umepatikana, bibie! Ulifurahi kuolewa pasipo mawifi, kumbe wamejaa chini!"

Mize naye alicheka mpaka akashika tumbo. "Basi karani, waombe tuwahamishie pale mwambani. Maji yake ni mazuri kuliko haya."

"Nitawaeleza," sauti ilijibu kwa upole. "Ila ombi lao lilitangulia, nalo ndilo litakalosikilizwa kwanza."

"Ombi gani?"

"Uhame wewe, Bi Mize, kabla hamjawa wawili na mtoto."

Faki alikuwa bado anacheka.