Mguu Uliosikilizwa

Daktari alipaka mafuta mazito kama ute kwenye kifundo cha mguu wa mume wa Kija, akagandamiza hapo kifaa chembamba kama kalamu. Kisanduku alichokishika kwa mkono wa kushoto kikakoroma tu.

"Damu ikipita tutaisikia humu, mama," alisema. "Isipopita, tunakata leo."

Tangu mkokoteni wa ng'ombe umponde goti kule kijijini Mbingu, mguu ulikuwa wa baridi kama tope la mpungani. Mlangoni nesi alisubiri na machela. Kija hakuweza kutulia. Mara ashike shuka, mara ashike chuma cha kitanda.

Kalamu ilihamia nyuma ya kifundo. Kimya.

"Kateni tu," mume wake alinong'ona. "Nimechoka kungoja."

"Subiri kwanza, baba," alisema Kija.

Kalamu ikasogea mbele, juu kidogo ya kidole gumba. Kisanduku kikatoa sauti hafifu, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Shuu. Shuu. Daktari akakunja uso.

"Mama, ni wewe unayetikisa kitanda?"

Kija akaitazama mikono yake. Ilikuwa inatetemeka juu ya chuma, na chuma kinatetemeka nayo. Aliogopa kuiondoa. Je, sauti ikikatika?

Akaachia. Akarudi nyuma hadi ukutani, mikono ameibana kwapani.

Shuu. Shuu. Shuu.

Daktari hakuinua kalamu. "Nesi," alisema taratibu, "rudisha machela."