Mazoezi ya Kesi

"Umeruka mstari wa mwisho tena! Kichwani umejaza nini, makapi?" Kanali Otakar Vrána aligonga meza hadi uma ukaruka.

"Sikuruka," alisema Luboš. "Nimeshindwa kuutamka."

"Na kesho utashindwa pia, nchi nzima ikisikiliza redio? Rudia kutoka juu."

Luboš alirudia, jasho likimtiririka shingoni. Karatasi zake zilikuwa na kila neno: swali, jibu, hata mahali pa kukohoa. Vrána hakuhitaji karatasi. Kesi za namna hii, za mahakama ya jeshi hapa Praha, alikuwa akizipanga tangu Vita viishe, na hakuna hata moja iliyoharibika.

Alisikiliza huku anakula. Nyama ya nguruwe, kabichi chachu, bia. Wiki mbili za chakula kama hicho, na mashavu yake yalikuwa yameanza kujaa. Sahani ya Luboš ilipoa bila kuguswa.

Walipofika mstari wa mwisho, Luboš akakwama tena.

"Bwana mdogo," Vrána alisema, sasa kwa sauti ya chini, "nikukumbushe makubaliano? Kesi ikipita bila doa, Jitka anatoka kituo cha watoto, anarudi kwa bibi yake. Ukibabaika, anapewa jina jipya na wazazi wapya. Ana miaka sita. Kufika Krismasi atakuwa amesahau alikuwa mtoto wa nani."

"Unamtaja mtoto kama unataja bei ya viazi!"

"Na wewe unalia kama bibi harusi. Machozi yako yatamrudisha?"

Askari aliyesimama mlangoni alitazama dari.

"Wakubwa walioahidi hayo ni waongo," Luboš alisema. "Hata kila neno likisemwa, watamrudisha kweli?"

Vrána aliacha kutafuna.

"Sijui. Ahadi hiyo nimeitoa mara nyingi. Sikuwahi kufuatilia."

Akasukuma sahani pembeni, akazinyakua karatasi za Luboš na kuzichana vipande vipande.

"Basi. Simama. Nitazame machoni. Sema."

Luboš alisimama, akafunga vifungo vya koti lake la jeshi. Safari hii sauti haikutetemeka.

"Naiomba mahakama imhukumu mshtakiwa Otakar Vrána kunyongwa hadi kufa."

"Hivyo hivyo, Kapteni. Kwa ajili ya Jitka wangu," alisema Vrána, akamnyooshea askari mikono ifungwe pingu.