Bawa la Nyuma

Mvua ilipozidi huko ughaibuni, mbio za langalanga zilisimamishwa, na runinga ya kinyozi katika mtaa wa Bertrams ikabaki ikionyesha magari yaliyofunikwa maturubai. Ndipo ubishi ulipopamba moto.

"Bawa lile la nyuma la gari la timu yenu hupinda kasi ikizidi," alisema Elisée. "Huo ni wizi!"

"Wamelipima, shemeji, likafaulu," alijibu mume wa marehemu dada yake. "Ila timu yako ikishindwa, kanuni huwa mbovu."

Watu wakaangua kicheko. Elisée uso ukamwaka.

"Utanifundisha nini wewe? Ungejua kuendesha kwenye mvua, dada yangu angekuwa hai."

Kinyozi akazima mashine. Tangu ajali ile iliyomuua dada yake, Elisée hakuwahi kumlaumu shemeji yake. Elisée ndiye aliyemshika mkono makaburini. Sasa alitamani kuyameza maneno yake, lakini yalikwisha kutoka.

Shemeji yake alivitazama viganja vyake, akavikunja polepole kana kwamba vimeshika usukani.

"Kumbe," alisema. "Miaka yote hii."

Akachukua koti, akatoka.

"Shemeji, ngoja!" Elisée aliita kutoka mlangoni.

Hakugeuka. Taa ya robot, ile ya kuongozea magari, ilikuwa nyekundu kwa waendao kwa miguu, naye akaingia barabarani vivyo hivyo.