Kasuku Alivyomsemea Fuko

Nyati mwenye mimba alitafuta pa kuzalia. Akamuuliza Kasuku, fundi wa kujibu kila kitu, kama chini ya kichaka kimoja kulikuwa na siafu. Kasuku akamtuma Fuko ardhini akaangalie, na kabla hajarudi akatangaza, "Fuko anasema hakuna. Lala, mama."

Fuko akachomoza. "Nimesema lini? Ndiyo kwanza natoka."

"Rudi shimoni. Wewe kazi yako kuchimba, kusema niachie mimi."

"Sirudi. Sema nilichokiona, au usitaje jina langu."

Nyati akasita. "Nimwamini nani?"

"Kasuku atue hapo anapotaka ulale," Fuko akasema, "na akunje mabawa."

Nyati akaondoka na Fuko. Kasuku bado anakisifu kichaka kile, na bado hajatua.