Somo Kando ya Shimo

Mkufunzi Shekuwe alisimama nyuma ya wanafunzi, kalamu mkononi. Leo Tunu, mwanachuo wake, alikuwa anafundisha somo la mwisho la mazoezi ya ualimu. Akishindwa, angerudia mwaka.

Tunu aliwatoa wote darasani, akawapeleka kwenye shimo la kisima kipya cha shule wautazame ukuta wake. Juu kulikuwa na udongo mwekundu. Chini yake, tabaka nene la mawe madogo.

"Mwalimu," aliuliza msichana mmoja, "mawe haya yalifikaje humu?"

Shekuwe alijua. Jibu lilimjaa mdomoni, akalimeza.

Tunu alichungulia shimoni. "Sijui," akasema. "Hebu tuyaangalie pamoja."

Akaokota jiwe moja kwenye kifusi, akalipitisha. Wakalipapasa mmoja mmoja.

"Laini kama yai," alisema yule msichana. Kisha akashtuka. "Mwalimu! Hapa palipita mto!"

Shekuwe alikuwa amefunza walimu wengi, lakini hakuwahi kumwona aliyethubutu kusema "sijui" mbele ya mkufunzi wake. Kifua kilimjaa fahari.

Wanafunzi walikwisha kutawanyika uwanjani, wakibishana mto ule ulielekea wapi.